Gharama ya Kipimo Kamili

Kila ufikapo mwezi wa Novemba, wakati mvua za mwisho zingali zinasitasita baina ya kwenda na kurudi, kando ya barabara zitokazo Eldoret kuelekea Ziwa, Moiben, Turbo na Burnt Forest hutandazwa maturubai mapana, na juu yake humwagwa mahindi yaliyopukuchuliwa juzi, yakageuzwa kwa reki na kwa nyayo za watoto tangu jua lipandapo hata lishukapo, huku macho ya wenyewe hayabanduki mawinguni. Mkulima wa zamani hahitaji mtambo wa kupimia unyevu. Hutia punje moja kinywani, akaibana kwa magego, akasikiliza: ikivunjika kwa mlio mkavu, gunia hushonwa, ikibonyea, mahindi hurudishwa juani, hata kama mnunuzi amekwisha kuegesha lori na fedha zimo mfukoni mwake. Maghala ya Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao hayapokei mahindi ambayo unyevu wake wazidi asilimia 13.5, wala sharti hilo si ukaidi wa maofisa, kwa maana nafaka iliyofungwa mbichi huota kuvu, na kuvu hiyo huzaa sumu isiyoonekana kwa jicho wala kuondoka kwa kuchemshwa, ambayo mwaka 2004 iliwaua watu 125 katika wilaya za mashariki ya nchi yetu, Makueni na Kitui zikiwa mbele.

Mtu akiniuliza imani ya Kikatoliki huishi wapi katika mji huu, humpeleka kwenye turubai hilo kabla ya kumpeleka kwenye Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu. Aliye na punje mbichi mdomoni, na deni la karo shingoni, na mnunuzi asiyejua kupima amesimama mbele yake, yuko mahali ambapo hakuna padre, hakuna kwaya, hakuna shahidi. Na atakayekula ugali wa mahindi yale ni mtoto wa Nairobi au wa Mombasa ambaye hatamwona maishani mwake.

Kutoka turubaini twende sokoni. Huko mahindi huuzwa kwa gorogoro, kopo la bati ambalo likijazwa barabara lachukua kilo mbili, kama wazee wa pwani walivyokuwa na kibaba na pishi kwa kazi iyo hiyo. Ulitazamapo kwa nje huliona zima. Walakini litie mkono ndani, upapase kitako chake: mara nyingi utakuta kimegongwa kwa nyundo kikaingia juu, na kila kopo lijazwapo, konzi moja ya nafaka hubaki kwa muuzaji. Lugha yetu imelipa tendo hilo jina lake mahususi, kupunja, jina ambalo halina haja ya kufafanuliwa kwa mtu yeyote aliyewahi kutumwa dukani. Ndugu zetu Waislamu, ambao vibanda vyao na vyetu vimeegemeana, wanayo katika Qurani sura nzima inayoitwa kwa jina la wapunjao. Nasi tunaye nabii Amosi, mchunga kondoo wa Tekoa, aliyewashukia wafanyabiashara wa Israeli kwa kupunguza kipimo na kuongeza bei, na kwa kungoja kwa pupa Sabato iishe ili wafungue maghala.

Nimekaa muda mrefu na kemeo hilo la Amosi, kwa sababu watu aliowakemea hawakuwa watoro wa ibada. Sabato waliishika, sadaka walizitoa, na nyimbo waliziimba. Ila siku takatifu ilikuwa kwao kizuizi cha biashara, na siku ya biashara haikuwa na Mungu ndani yake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu iliyotolewa tarehe 7 Desemba 1965, uliuhesabu utengano huo wa imani na maisha ya kila siku miongoni mwa makosa mazito ya zama zetu, na hati juu ya utume wa walei, iliyotangulia kwa siku chache tu, iliwakabidhi waumini malimwengu haya, yaani kazi na biashara na siasa na nyumba, kuwa shamba lao wenyewe ambalo padre hawezi kuwalimia. Ni miaka 60 tangu hapo, na ningali nakutana na Wakatoliki wema ambao wakisikia neno utume hufikiri juu ya sare ya chama na kubeba msalaba wakati wa maandamano.

Sisi wa Afrika ya Mashariki hatukuachwa mikono mitupu. Maaskofu wa kanda hii, walipokutana Nairobi mwaka 1973 na tena mwaka 1976, waliamua kwamba Kanisa lisimame juu ya jumuiya ndogondogo za Kikristo, yaani nyumba chache za jirani zinazokutana kusali na kusaidiana, badala ya kuitegemea parokia kubwa peke yake. Na ikawa kwamba katika mwaka uo huo wa 1976 taasisi ya kichungaji ya Gaba, iliyokuwa jirani na Kampala, ilihamia hapa Eldoret, Uganda ikiwa chini ya Idi Amin. Hivyo jimbo letu, lililoanza kama prefektura mwaka 1953 na kupandishwa kuwa jimbo mwaka 1959, likawa mojawapo ya mahali ambapo makatekista, watawa na mapadre kutoka nchi nyingi walifundishwa jinsi ya kuilea jumuiya. Njia waliyofundishwa ilitokana na Joseph Cardijn, padre wa Ubelgiji aliyefanya kazi na vijana wa viwandani: ona mambo yalivyo, yapime kwa Injili, kisha utende.

Jumuiya hizo zimefanya mema yasiyo na kifani, na asiyelikiri hili hajawahi kuwa mgeni mjini. Mpangaji wa chumba kimoja katika mtaa wa Langas au Huruma, ambaye nduguze wako Bungoma, Kisii au Nyeri, akifiwa usiku wa manane, hodi ya kwanza mlangoni pake ni ya mwenyekiti wa jumuiya, na kabla ya alfajiri sufuria zimekwisha kuja, viti vimekuja, na katibu amefungua daftari lake la michango. Tunajua nani amelazwa Hospitali ya Rufaa ya Moi, nani amejifungua, nani hajaonekana wiki tatu. Tunasoma Injili ya Jumapili ijayo, tunasali rozari, tunatoa cha kikapuni, tunakunywa chai, tunaagana kwa amani.

Lakini katika daftari lile kuna ukurasa ambao haujaandikwa. Hatuulizani tunakula nini na tumekipataje. Yule karani ambaye faili haliwezi kusogea mezani pake pasipo kitu kidogo, yule dereva ambaye magurudumu yake yameota upara na bado anawabeba abiria 14 hadi Kitale, yule mwajiri ambaye msichana wake wa kazi hana siku ya mapumziko wala mshahara wa wakati, wote twawafahamu, twakaa nao kwenye mkeka mmoja, na twawaombea kwa ujumla katika nia zisizotaja kitu. Tumeuita ukimya huu heshima. Mimi nauita woga, na najihesabu miongoni mwa waoga.

Mji huu hauna haki ya kujifanya haujui ukimya wa namna hiyo huzaa nini. Matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa tarehe 30 Desemba 2007, waliochoma nyumba na waliochomewa hawakuwa watu wa sayari mbili; aghalabu walikuwa majirani waliokopeshana chumvi, na wengi wao walibatizwa kwa maji ya kisima kimoja. Siku ya mwaka mpya kanisa la Assemblies of God la Kiambaa, nje kidogo ya mji, lilichomwa moto likiwa limejaa wakimbizi, hasa wanawake na watoto. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini kote. Kwa miaka mingi kabla ya hapo malalamiko ya mashamba yalikuwa yakinong'onwa kila jikoni, kila kabila kwa lugha yake, ilhali jioni ya jumuiya sote tulisali kwa Kiswahili na kupeana mkono wa amani. Rwanda, nchi iliyosifiwa kwa ukubwa wa Kanisa lake, ilikuwa imekwisha kutuonyesha mwaka 1994, ndani ya makanisa ya Nyamata na Ntarama, kwamba ubatizo uliokomea mlangoni pa kanisa hauzuii panga. Nasi tulisoma habari zile kama habari za mbali.

Katika siku zile za machafuko ya mji wetu, Askofu Cornelius Korir wa jimbo letu alifungua malango ya Kanisa Kuu, na maelfu ya watu wakalala uani, wengi wao Wakikuyu waliokuwa wakiwakimbia vijana wa Wakalenjin, jamii aliyotoka askofu mwenyewe. Uso wa jambo hilo unajulikana na umesifiwa kwa haki. Linalonigusa mimi zaidi ni kazi yake ya baadaye, isiyo na kamera, ambayo aliieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 2009 kwa jina la Amani Mashinani. Hakuanza kwa kuwakutanisha mahasimu kwenye jukwaa ili wakumbatiane. Alianza na kila upande peke yake, akaacha watu waseme uchungu wao hadi mwisho, hata yale maneno ambayo hayasemeki mbele ya mwingine. Kisha wachache wakakutana na wachache, wakajibizana, wakaondoka, wakarudi. Na palipoanza kupatikana nafasi ya kupumua, akatafuta kazi ambayo pande zote mbili ziliihitaji, kama vile barabara iliyoharibika, ili watu washike majembe pamoja kabla ya kutakiwa wapendane. Korir alifariki tarehe 30 Oktoba 2017, akazikwa ndani ya Kanisa Kuu lile lile, na kila nipitapo kaburini pake hukumbuka kwamba mtu huyo aliuamini mkutano mdogo wenye maneno ya kweli kuliko ibada kubwa yenye maneno matamu.

Sasa niseme habari ya kijana mmoja, ambaye jina lake lastahili kujulikana katika kila nyumba inayosali kwa Kiswahili. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma, mashariki ya Kongo, mwaka 1981, akasomea sheria, akaingia katika jumuiya ya Mtakatifu Egidio, ambako aliwahudumia watoto wa mitaani. Alipata kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa ziingiazo nchini, na kazi yake ilikuwa kusema chakula kipi chafaa kuliwa na kipi kimeharibika. Mchele mbovu ulipoletwa mpakani, wenye mali walimpa fedha ili aupitishe, wakaongeza fedha alipokataa, kisha wakaongeza vitisho. Alikataa hadi mwisho. Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa, na baada ya siku mbili mwili wake ukapatikana, umri wake miaka 26. Papa Fransisko aliwasimulia vijana habari zake katika uwanja wa Mashahidi mjini Kinshasa mwezi wa Februari 2023, na tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta za Roma, alitangazwa mwenye heri na shahidi wa imani.

Nawaomba wasomaji watue hapa. Kijana huyu hakuambiwa aikane Ekaristi wala akanyage msalaba. Aliombwa kugonga muhuri. Kanisa limekiri kwamba muhuri ule, juu ya mchele ule, ulikuwa ni mahali pa kumkiri Kristo au kumkana, sawasawa na moto wa mashahidi wa Uganda kule Namugongo mwaka 1886. Ikiwa hilo ni kweli kwa mchele wa Goma, ni kweli kwa mahindi ya Moiben, na kwa kitako cha gorogoro, na kwa faili la karani.

Hata hivyo, kumsifu shahidi ni sahali, na hapa ndipo ninapotofautiana na mahubiri mengi niliyoyasikia tangu utotoni. Tumezoea kumhimiza mtu mmoja mmoja awe mwaminifu, tukampa mfano wa watakatifu, tukambariki, kisha tukamwacha aende akalipe gharama yake peke yake. Kwani uaminifu una bei, na bei hiyo hutolewa kwa shilingi. Karani akataaye kitu kidogo, na mkubwa wake hupokea fungu la kila kilichopatikana, atahamishwa kupelekwa mbali na watoto wake. Dereva akataaye kubeba abiria wa ziada atapokonywa gari jioni ile ile. Mkulima arudishaye mahindi turubaini aweza kunyeshewa usiku na kupoteza yote. Tukiwa tunayajua haya, na bado tukamwambia mtu asiwe na hofu, huku sisi wenyewe hatumpi hata kilo ya unga, tumempunja. Tumempimia neno la Mungu kwa kopo lililogongwa kitako.

Rai yangu, basi, ni hii: jumuiya iliyo na mfuko wa msiba na iwe na mfuko wa mtu aliyeumia kwa kukataa. Tunachangia jeneza bila kusita, kwa kuwa kifo tunakiona ni jambo la wote. Mbona kupoteza kazi kwa ajili ya dhamiri tunakuona ni bahati mbaya ya mwenyewe? Najua kutakuwa na wadanganyifu, watakaofukuzwa kwa uvivu wakaja kudai ushujaa. Jumuiya ya nyumba chache haidanganyiki kwa urahisi hivyo. Ndiyo fadhila ya udogo wake. Najua pia wapo watakaosema kwamba mambo ya fedha na kazi si ya kuletwa mbele ya Injili, kwamba watu wataona haya na kuacha kuja. Labda wawili wataacha. Lakini haya hiyo tayari ipo, imekaa nasi mkekani kila wiki, na haimwachi mtu yeyote aseme kilicho moyoni mwake.

Na Kanisa lenyewe lisijitoe mizanini. Mwezi wa Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliamuru zirudishwe fedha ambazo Rais alikuwa amezitoa kwa kanisa Katoliki la Soweto, jijini humo, zikiwemo za kujengea nyumba ya mapadre. Uamuzi ule ulishangiliwa, nami niliushangilia. Ila nyumba ya mapadre haijengwi kwa makofi. Anayetaka askofu wake awe na sauti ya kukataa, na awe na shilingi yake mkononi Jumapili hiyo hiyo.

Wazo hili la jumuiya kumsaidia mtu kulipa gharama ya uaminifu sikulitoa kichwani mwangu. Lilitoka katika jumuiya yetu, Alhamisi moja ya Kwaresima iliyopita, tulipokuwa na kijitabu ambacho Tume ya Haki na Amani ya maaskofu hukitoa kila mwaka kwa majuma ya mfungo. Mama mmoja auzaye mahindi na maharagwe alisimama, akatusalimu kwa Tumsifu Yesu Kristo, nasi tukaitikia, akasema pasipo kuinua macho: "Wapendwa, gorogoro langu lilikuwa limegongwa siku niliyolinunua. Nikilinyosha, jirani yangu anauza bei ile ile na la kwake limeingia ndani. Baada ya mwezi mmoja nitafunga kibanda, na nina watoto watatu. Nifanyeje?" Hakuna aliyejibu. Mwenyekiti aliangalia kijitabu, kana kwamba jibu limechapwa ukurasa wa pili. Kisha mzee mmoja, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye sikumbuki kumsikia akisema neno mwaka mzima, alikohoa, akasema, "Mama, hapa tuko nyumba 14. Zote zinakula ugali."

Ilikuwa hivyo tu. Katibu aligeuza daftari lake nyuma, akapiga mistari, akaandika nyumba moja moja na gorogoro ngapi kwa juma. Siku ya pili mama yule alilipeleka kopo kwa fundi wa jua kali aliye karibu na soko, na fundi akaligeuza mara mbili mkononi, akamwuliza kama anataka kweli kitako kitoke nje, maana tangu aanze kazi ile huletewa makopo ayaingize ndani. Sitaki kuipamba habari hii. Nyumba mbili ziliacha kununua kwake baada ya Pasaka, moja kwa sababu ya umbali na nyingine kwa sababu ya dumuzi waliokutwa katika nafaka, ingawa fedha zilirudishwa. Mimi mwenyewe wiki mbili za mwezi wa Juni nilinunua unga wa pakiti dukani kwa uvivu wa kwenda kusagisha, na Alhamisi iliyofuata katibu alisoma mistari ile kwa sauti, akafika kwenye nyumba yangu, akasimama, akaniuliza mbele ya wote.